Majibu Yako Kuhusu Mumo

Kambu,
Jumapili, baada ya kanisa

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Najua barua ya heshima huanza na salamu. Nisamehe, leo nikianza na salamu nitajificha nyuma yake mpaka karatasi iishe. Wacha nitangulize jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, na hata Mungu nimemwambia kwa kuzungukazunguka. Ile fomu ya mdogo wangu Mumo tuliyojaza likizo ya Aprili, majibu yaliyo ndani yake si yako. Wewe ulisema, mimi nikaandika mengine. Si jibu moja. Karibu yote.

Sasa limetoka. Habari yako, Mwaitu? Mgongo unaendeleaje? Unaupaka ile dawa au umempa nyanya yetu Susu yote apake magoti? Mumo amepona kikohozi? Mvua imefika huko Matinyani ama inapita juu tu ikielekea kwa wengine? Mimi mwili ni mzima. Ni haya mengine ambayo si mazima.

Anti Ndanu hajambo, anauza kama kawaida hapa kando ya barabara: machungwa, matikiti, na ndengu za kupima kwa kikombe. Malori yanasimama, madereva wanashuka wakinyoosha miguu, na yeye anajua kila mmoja anatoka wapi na mke wake anaitwa nani. Mimi ananiita redio isiyo na betri. Juzi dereva mmoja aliniuliza kama matikiti ni matamu. Nikamjibu. Akauliza tena, nikamjibu tena. Mara ya tatu Anti akapiga kelele kutoka ndani, "Mwende! Paaza sauti! Huyo ni mteja, si daktari wa masikio!" Dereva akacheka mpaka akaegemea gurudumu. Akanunua mawili, akasema la pili ni kwa vile nimemnyamazia vizuri. Shuleni pia ni hivyo hivyo. Mwalimu wa Kiswahili anasema insha zangu zinaongea, mimi ninasinzia. Nalala kwenye chumba cha nyuma pamoja na magunia ya ndengu. Ni pazuri, ila vumbi lake linaingia puani, na Jumapili ndiyo siku ndefu kuliko zote.

Sasa nije kwa Alhamisi.

Ulipopiga simu Alhamisi, Anti alikuwa anachambua ndengu na mikono imejaa vumbi, akaniambia niweke simu kwa spika. Hukujua kwamba nipo. Ukamwambia yule Madam Achieng wa mazoezi ya viungo amekuja, amekaa kwa kiti cha Susu, na amekusomea kwa upole yale uliyosema kwenye fomu. Kwamba Mumo ana maumivu kila siku. Kwamba hawezi kabisa kuonyesha anachotaka na hufurahi mara chache sana. Kwamba wewe unayaona maisha yake kuwa mabaya sana. Na kwamba kwa ajili ya hayo, wakubwa wake wamemtafutia nafasi katika nyumba ya watoto wenye mtindio wa ubongo, huku upande wa Makindu, na Alhamisi inayokuja atarudi na karatasi uweke sahihi.

Anti akauliza, "Na ulisema hivyo, dada?"

Nikasikia Mumo akitoa ile sauti yake ya kuita, "Eee." Halafu ukasema, "Sikumbuki nikisema. Lakini imeandikwa, na jina langu liko chini. Labda nilikuwa nimechoka. Labda mdomo ulitoa kile ambacho moyo unaficha."

Anti akasema, "Usijilaumu. Mtoto ana miaka tisa, si wa kubebwa tena. Pengine Mungu ameuona mgongo wako."

"Pengine," ukasema.

Mwaitu, hiyo pengine yako nimekaa nayo siku tatu. Mdomo wako haukutoa kitu kama hicho. Ni mkono wangu.

Acha nikukumbushe ile siku, kwa sababu naogopa umeanza kuisahau jinsi ilivyokuwa. Madam alikuja asubuhi na pikipiki, akampima Mumo kwa utepe, paja, mgongo, kutoka goti hadi kisigino, kwa ajili ya kile kiti cha mbao chenye mito na mikanda. Halafu akatoa fomu za Kiingereza, mbili, ya pili ikiwa nitakosea kuandika. Akasema ana watoto wengine watatu wa kuona ng'ambo ya soko. Akaniangalia. "Wewe si uko sekondari? Msomee mama kwa Kikamba, uandike anachosema yeye, si unachofikiria wewe." Alisema hivyo. Siwezi kudai sikuambiwa.

Ulikuwa unamwosha Mumo kwenye beseni la bluu pale kivulini. Nikakuambia ni fomu ya kupima ubora wa maisha yake. Ukacheka. "Ubora? Kama wa ndengu? Wanachekecha, halafu wanasema huyu ni wa kwanza na huyu ni wa pili?"

Susu akajibu kutoka jikoni, "Wakimaliza na Mumo waje wanipime na mimi. Nimebaki kwa chekecheo na mawe."

Nikaanza kusoma. Fomu iliuliza, katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi mtoto ameumia akiwa amelala. Ukafikiria vizuri, ukahesabu kwa vidole vyenye sabuni. Ukasema ni Jumanne ile ya upepo na siku moja nyingine, akilalia upande wa kushoto, na ukimgeuza ananyamaza. Mimi nikaweka tiki kwa "kila siku."

Ikauliza kama mtoto anaweza kuonyesha anachotaka. Ukasema, "Huyu? Huyu ana maneno kuliko Mwende! Akitaka uji anaangalia sufuria. Akikataa anafunga macho kama mtu aliyefunga duka." Mimi nikaweka tiki kwa "hawezi kabisa."

Ikauliza kama anafurahi. Ukasema anacheka Susu akimfukuza jogoo, na anacheka zaidi jogoo akimrudia Susu. Na kwamba asubuhi akisikia unavunja kuni, anaanza kupiga miguu kwa sababu anajua moto ukiwaka atatolewa nje. Nikaweka tiki kwa "mara chache sana." Sikuweka "hakuna kabisa," kwa sababu wakati huo huo Mumo alikuwa anacheka, maji yameingia sikioni mwake, nikaona aibu kidogo. Kidogo tu.

Swali la mwisho liliuliza, kwa jumla, maisha ya mtoto huyu unayaonaje. Ulikuwa unamkausha mikono, unafungua kile kidole kigumu, halafu kinachofuata, unapitisha kitambaa katikati, kinajifunga tena, unakifungua tena. Ulipomaliza mkono wote ndipo ukasema, "Nesa muno." Nzuri sana. Ukasema ukimtazama yeye, si mimi.

Nikaweka tiki ya mwisho kabisa chini, pale pa "mbaya sana." Nikakupa kalamu, ukaandika jina lako polepole, herufi moja moja, ukaniuliza kama limekaa sawa kwa mstari. Nikasema limekaa sawa.

Utaniuliza kwa nini. Unakumbuka mwaka ule wa kiangazi, walipokuja watu wa kuandikisha mahindi ya msaada? Nilikuwa darasa la tano. Walikuuliza kama tumekula jana, ukajibu kama mwanamke mwenye adabu zake, "Tunamshukuru Mungu, hatujalala njaa." Na ilikuwa kweli, tulikuwa tumekula mbaazi bila mafuta. Wakafunga daftari wakaenda. Kwa jirani, mbuzi walifungwa bondeni wasionekane, na watoto wakavuliwa viatu. Siku ya mahindi jina letu halikuitwa. Tukarudi na gunia likiwa limekunjwa kwapani, na Susu akakuambia mbele yetu sote, "Haya, mwanamke wa shukrani, injika hiyo shukrani tuone kama itaiva."

Ulicheka, lakini nilikuona ukigeuka upande wa ukuta. Tangu siku hiyo nilijua kwamba mtu akija na fomu unamwonyesha panapouma na kufunga mengine yote bondeni. Kwa hivyo Madam alipotaja kiti halafu akatoa fomu, mimi niliona lile gunia tupu. Nikajiambia, Mwaitu atashukuru tena, na kiti kitaenda kwa jirani. Wakati huu niko sekondari, hawatatupita.

Alhamisi baada ya simu nilitoa ile fomu ya pili kwenye begi, nikasoma ukurasa wa mbele ambao siku ile niliuruka. Imeandikwa wazi kwamba majibu hayahusiani na kupewa kifaa chochote. Kiti kilikuwa chake tangu alipopimwa paja. Wanauliza kabla ya kiti, na watauliza tena akiwa amekikalia miezi kadhaa, waone kama maisha yake yamesogea, na yamesogea upande gani. Na wanamuuliza mama kwa sababu yeye ndiye anayejua. Basi. Nilifunga mbuzi bondeni na hakuna aliyekuja na mahindi.

Ningeishia hapo ningekuwa nimesema uongo mwingine, kwa sababu hiyo sababu ya kiti ni kweli lakini si yote. Mwaitu, tiki ya mwisho sikuiweka kwa ajili ya kiti. Niliiweka kwa sababu niliamini hivyo. Niliona mtoto asiyeweza kukaa, asiyeweza kusema jina lake, anayetokwa na mate, na nikafikiri ukisema nzuri sana ni adabu tu, vile mtu wetu anavyosema hajambo hata akiwa kitandani. Na huku Kambu, siku ya kwanza shuleni, msichana tunayekaa naye dawati moja aliniuliza tuko wangapi kwetu. Nilisema niko peke yangu.

Nimeandika hiyo sentensi nikaikata, nikaiandika tena. Naomba uisome hivyo hivyo ilivyo.

Ijumaa nilipotoka shule sikwenda kumsaidia Anti mapema. Nilikaa na ile fomu juu ya gunia, na sijui nilipata wapi wazo, nikaanza kujiuliza mimi maswali yake. Katika wiki mbili zilizopita, umecheka mara ngapi? Nilikumbuka mbili, na moja ilikuwa ya dereva wa matikiti, tena nilicheka baada ya yeye kwenda. Je, walio karibu nawe wanajua unapoumia? Nina jino la nyuma linaniuma tangu mwanzo wa mwezi na hakuna anayejua, kwa sababu sijasema. Anti si mbaya, angenipeleka leo. Ni mimi ninayefunga macho kama mtu aliyefunga duka. Na Mumo akilalia mkono vibaya, wewe unajua ukiwa jikoni kwa namna anavyopumua. Nimekuona ukiacha ugali motoni ukaenda kumgeuza, na hakuwa amelia.

Nilijumlisha tiki zangu. Mumo angenishinda. Si kwa kuhurumiwa, angenishinda kabisa. Jino usilihangaikie, nitamwambia Anti.

Lakini sitaki nikusemee uzuri sasa kama nilivyokusemea ubaya. Siku ile ulisema na mengine magumu, na hayo pia ni yako. Ulisema ukimbadilisha nepi mapaja yanakataa kufunguka na analia, na wakati mwingine unalia naye. Ulisema kikohozi chake kinakutisha kuliko kitu kingine chochote. Ulisema, "Andika, nikimbeba kwenda kivulini, mgongo wangu unalia kabla yake." Ulisema hujui itakuwaje akifika miaka kumi na tano. Hukuficha hata moja. Ulisema yote mawili, magumu na mazuri, na baada ya kuyasema yote ukasema nesa muno. Halikuwa jibu la adabu. Lilikuwa jibu la mtu aliyepima.

Sasa nakuomba hivi. Barua hii ataileta Mzee Mutinda, shemasi wa hapa kanisani, anayepeleka miche ya maembe Kitui kesho kwa barabara ya Kibwezi. Amesema atapitia kwetu. Sikuweza kupiga simu, kwa sababu simu ni ya Anti, na sauti yangu unaijua. Kiswahili unakisoma vizuri ukifuata kwa kidole, kwa hivyo tafadhali isome wewe mwenyewe, usimpe mtu akusomee.

Ndani ya bahasha kuna vitu viwili vingine. Kimoja ni karatasi ya Kiingereza ya kumpa Madam. Nimemwandikia kwamba majibu yale ni yangu, si yako, na kwamba aliniambia niandike unachosema wewe nami sikutii. Nimeweka jina langu lote. Kingine ni ile fomu ya pili. Iko tupu. Ijumaa nilitaka kuijaza upya kwa majibu yako nikutumie ikiwa tayari, nikaweka kalamu kwenye swali la kwanza, halafu nikaona nitakuwa nimekusemea mara ya pili. Mwambie Madam akae nawe, kama ni kwa Kiswahili cha kusaidiana, kama ni kwa kumleta Mkamba mwingine, lakini asiwe mimi, na akuulize swali moja moja. Usiweke sahihi kwa kitu chochote kabla ya hapo.

Na kama ukiulizwa upya, Mwaitu, useme mwenyewe kwamba umechoka na ile nyumba ya Makindu ingefaa, hata kwa muda, basi sawa. Mimi niko karibu na Makindu, ningekuwa naenda kumwona. Sitakuhesabia kosa. Lakini iwe umesema wewe. Usimpeleke Mumo kwa sababu ya neno ambalo hukulisema. Na usikae kwa giza ukijiuliza kama moyoni mwako kuna mama mwingine asiyempenda. Hayupo. Nilikuwepo, nilikuwa nimeshika kalamu, nilisikia.

Nisalimie Susu, umwambie jogoo asimshinde. Nisalimie Mjomba Kioko na umwambie ule mlango wa choo alioahidi kutengeneza unamngoja. Nisalimie mama mchungaji anayekuletea nepi za kitambaa, na umshukuru kwa niaba yangu, maana nikiwa mbele yake huwa naangalia viatu. Na Mumo, msomee kipande hiki ukiwa umemweka pale anapoona uso wako: Mumo, dada yako alikuandika vibaya. Kesho shuleni nitamwambia yule wa dawati langu kwamba tuko wawili, na kwamba wewe ndiye mwenye maneno.

Mwaitu, nasikia ndala za Anti zinakuja. Huwa akikaribia nafunika karatasi kwa kitabu cha Biolojia na kujifanya nasoma. Amesimama kwa ndoo, ananawa mikono. Ananiita, "We redio, unamwandikia kijana gani huko ndani tangu saa saba?" Yeye naye anaamini ulisema yale, na Jumatano atakupigia akusukume uweke sahihi, kwa kukuonea huruma. Kwa hivyo lazima asome kabla bahasha haijafungwa.

Anakuja. Nimeiweka barua juu ya gunia, upande wenye maandishi ukiangalia juu. Kitabu kiko kitandani, sijakigusa.

Ni mimi binti yako,
Mwende